Linalopaswa Kusemwa Kabla ya Kisu

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hupita hapo, na hapo hapo ndipo inapochepuka ile ya kwenda Njombe mjini, kilomita 60 hivi, kisha Songea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia mwaka 1970, nayo ina stesheni hapo. Mgonjwa wa Njombe aliyeandikiwa rufaa kwenda Mbeya au Dar es Salaam kwa kawaida hupita Makambako, na kwa miaka mingi mji huo umekuwa ukiwapitisha watu wenye bahasha za hospitali mikononi.

Miongoni mwao wamo wazee ambao ugonjwa wao hausemwi kwa sauti ndani ya basi. Mkojo ulifunga ghafla usiku, wakakimbizwa hospitali, wakawekewa mpira, na sasa mfuko wa mkojo umefichwa chini ya koti zito. Kwa baridi ya Njombe hakuna anayeshangaa mtu kuvaa koti. Wengine wamekuwa wakitibiwa mgongo kwa miezi, wakidhani ni uzee na jembe, mpaka daktari alipouliza habari za mkojo, akapima damu, akachukua kinyama, na jibu likarudi: saratani ya tezi dume.

Hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania. Wengi wanaougua hufika hospitali ikiwa imeshapanda kwenye mifupa, na hapo tiba inayobaki mara nyingi ni kuzima homoni ya kiume, ama kwa kuondoa korodani ama kwa sindano. Maumivu hupungua, miaka huongezeka. Lakini mzee akirudi nyumbani hugundua kwamba kuna jambo ambalo hakuambiwa, au aliambiwa kwa haraka mlangoni akiwa hana hali ya kusikia: nguvu za kiume zimeondoka, na hamu yenyewe imeondoka pamoja nazo. Jambo hilo lina historia ya zaidi ya miaka 100, na anayeifahamu atajua kwa nini limetokea, tena atajua kwamba si laana, si umri peke yake, wala si kosa la mkewe.

Tezi dume ina ukubwa wa ndimu ndogo kwa kijana, nayo hukaa chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji ya shahawa. Mwanamume akizeeka, tezi hiyo huvimba, na mara nyingi uvimbe huo si saratani. Ugumu wote wa kuitibu umetokana na mahali ilipo. Huwezi kuigusa bila kugusa mambo mawili yanayompa mwanamume heshima yake ya kila siku: kuzuia mkojo, na kusimama kwa uume.

Tarehe 7 Aprili 1904, katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, daktari Hugh Hampton Young aliiondoa tezi dume yote yenye saratani, pamoja na vifuko vya shahawa, kwa kupasua sehemu iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa. Operesheni hiyo ikawa msingi wa upasuaji wa saratani hiyo duniani. Mwaka 1947 Terence Millin, daktari wa Ireland aliyefanya kazi London, alieleza namna ya kuifikia kwa kupasua tumbo chini ya kitovu. Njia zote mbili ziliwaponya baadhi ya watu. Zote mbili pia ziliwaacha karibu wanaume wote bila uwezo wa tendo la ndoa, na wengi wakivuja mkojo. Madaktari waliliona hilo, wakaliandika, na kwa karibu miaka 80 wakalichukua kuwa halina dawa. Mgonjwa aliulizwa kama anataka kuishi, na nani angejibu hapana?

Kwa wale ambao saratani ilikwisha kusambaa, kisu cha Young hakikuwa na msaada. Jibu lao lilitoka Chicago. Charles Huggins, mzaliwa wa Halifax nchini Kanada, alikuwa akichunguza majimaji ya tezi dume ya mbwa, mmoja wa wanyama wachache ambao tezi hiyo huwavimba wakizeeka kama inavyomvimba binadamu. Aliona kwamba mbwa akihasiwa, tezi yake hunywea. Mwaka 1941, pamoja na Clarence Hodges, alitangaza kwamba kwa binadamu ni vivyo hivyo: saratani ya tezi dume hulishwa na homoni ya korodani, iitwayo testosteroni. Ukiondoa korodani, saratani hurudi nyuma. Ukimchoma mgonjwa testosteroni, dalili katika damu yake hupanda tena. Watu waliokuwa hawawezi kusimama kwa maumivu ya mifupa walipata nafuu katika muda wa siku chache. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966.

Baada yake zilikuja njia nyingine za kufikia pale pale. Dawa ya stilbestrol, homoni ya kike iliyotengenezwa maabara mwaka 1938 na Charles Dodds na wenzake, ilitumika kuzima testosteroni bila kisu, ila ilivimbisha matiti na kuongeza maradhi ya moyo na kuganda kwa damu. Mwaka 1971 timu za Andrew Schally na Roger Guillemin zilitambua muundo wa kemikali ya ubongo inayoziamuru korodani kupitia tezi nyingine, na kutokana na ugunduzi huo zikatengenezwa sindano za kuzima homoni zilizoanza kuuzwa miaka ya 1980. Sindano ina faida moja kubwa: ikisimamishwa, mara nyingi homoni hurudi. Lakini ni ya kurudiwa kila mwezi au kila miezi kadhaa, na kila mara inataka fedha na nauli. Kuondoa korodani ni operesheni ndogo, hufanyika mara moja, na testosteroni hushuka ndani ya saa chache. Ndiyo maana njia ya Huggins ya mwaka 1941, ambayo katika nchi tajiri imebaki kwa wachache, bado ni tiba ya kila siku kwa mkulima wa viazi wa Njombe.

Inafaa kueleza kwa utulivu kinachotokea baada ya hapo. Testosteroni ndiyo inayowasha hamu. Ikishazimwa, mwanamume huweza kumpenda mkewe vile vile, kumjali na kumtamani kwa akili, lakini mwili hauamki. Wengi husema hawaoni hata huzuni ya kukosa, kwa sababu kile kinachotamani ndicho kilichozimwa. Huzuni huwajia wakimtazama mke. Nguvu za kusimama hupungua sana au huisha. Misuli hupungua, tumbo huongezeka, mifupa hudhoofika na kuvunjika kwa urahisi, uchovu hauishi kwa kulala, na hasira au majonzi huja bila kubisha hodi. Halafu kuna ule moto. Mwezi wa Julai, Njombe ikiwa na umande wa barafu alfajiri na watu wamejifunika mablanketi, mzee aliyezimwa homoni huamka amelowa jasho, uso umewaka, anatupa nguo, na baada ya dakika chache anatetemeka kwa baridi. Ni jambo lile lile linalowapata wanawake hedhi inapokoma, na kwa sababu ile ile, mwili umenyang'anywa homoni uliyoizoea. Mama aliyepitia hali hiyo miaka kumi iliyopita angeweza kumweleza mumewe vizuri kuliko yeyote, kama tu wangeambiwa wote wawili kwamba ni jambo moja.

Upande wa upasuaji, mambo yalibadilika kwa sababu ya mgonjwa mmoja aliyesema. Patrick Walsh, bingwa wa mfumo wa mkojo katika Johns Hopkins ile ile ya Young, alimwona mwaka 1977 mwanamume aliyekuwa amemwondoa tezi dume yote, naye akamwambia kwamba nguvu zake ziko kama kawaida. Kwa elimu ya wakati ule hilo halikuwezekana. Iliaminika kwamba uharibifu hauepukiki. Walsh hakumpuuza. Alijiuliza: ikiwa mishipa ya fahamu inayosimamisha uume hupita ndani ya tezi, huyu amebaki na nguvu kwa njia gani?

Hakuna aliyejua kwa hakika mishipa hiyo inapita wapi. Wanafunzi wa udaktari walijifunzia maiti za wazee, zilizokaushwa na dawa, ambamo viungo vya nyonga vimekandamizwa na nyuzi ndogo hazionekani. Februari 1981 Walsh alikwenda mkutanoni Leiden, Uholanzi, akakutana na Pieter Donker, profesa mstaafu aliyekuwa akichambua mishipa ya kibofu kwenye miili ya watoto waliozaliwa wafu. Kwa mtoto hakuna mafuta mengi wala makovu, na nyuzi za fahamu huonekana kwa uwiano mkubwa zaidi. Walsh alimuuliza iko wapi ile inayokwenda kwenye uume. Donker alikuwa hajawahi kuitafuta. Wakainamia kazi pamoja, wakiifuata uzi kwa uzi, mpaka ikaonekana: haipiti ndani ya tezi. Hupita nje yake, pembeni na nyuma, kushoto na kulia, imeambatana na mishipa midogo ya damu.

Jambo lililoaminiwa kwa miongo mingi likaanguka pale mezani. Tarehe 26 Aprili 1982, huko Baltimore, Walsh alimfanyia mwanamume wa miaka 52 operesheni ya kwanza iliyokusudiwa kuiondoa tezi na kuiacha mishipa hiyo mahali pake. Mgonjwa alipona saratani, na mwaka haukuisha kabla nguvu zake hazijarudi.

Ugunduzi huo haukufuta hasara, uliipunguza. Hata mishipa ikiachwa, huwa imevutwa na kuchubuka, na kuamka kwake huchukua miezi, wakati mwingine miaka 2. Kijana wa miaka 50 hupona vizuri kuliko mzee wa miaka 70, na mwenye kisukari au shinikizo la damu huchelewa. Shahawa hazitoki tena, kwa kuwa tezi na vifuko vyake vimeondolewa. Raha ya kilele inaweza kubaki, lakini ni kavu, na kumpa mke mimba kwa njia ya kawaida kumekwisha. Isitoshe, mishipa inaweza kuachwa pale tu saratani ikiwa bado haijatoka nje ya tezi. Mwenye kuchelewa hana nafasi hiyo, na katika nyanda hizi wenye kuchelewa ndio wengi. Ujuzi wa Leiden unamsaidia yule aliyepimwa mapema.

Mionzi ni tiba nyingine kwa saratani ambayo haijasambaa. Kwa Mtanzania, kwa miaka mingi mionzi ilimaanisha Ocean Road, hospitali ambayo Wajerumani waliijenga ufukweni Dar es Salaam mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo sheria ya mwaka 1996 iliifanya taasisi ya taifa ya saratani. Baadaye Bugando ya Mwanza nayo ikaanza. Kutoka Makambako hadi Ocean Road ni zaidi ya kilomita 600, na tiba ni ya wiki kadhaa, maana yake kulala kwa ndugu au kupanga chumba. Mionzi haikati mishipa. Huiunguza polepole, pamoja na mishipa midogo ya damu, hivyo mwanamume anaweza kumaliza tiba akiwa mzima kabisa kisha nguvu zikapungua mwaka hadi mwaka. Akiwa hakuonywa, hataona uhusiano wa mionzi ya mwaka juzi na unyonge wa leo, ataanza kutafuta mchawi. Tena mionzi mara nyingi huambatanishwa na sindano za kuzima homoni, basi hasara mbili hukutana.

Uingereza ilifanya utafiti mkubwa uliotoa hesabu za mambo haya bila kuficha. Wanaume 1,643 wenye saratani ya mapema waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: kufuatiliwa kwa vipimo, kupasuliwa, au kupigwa mionzi. Kabla ya tiba, 67 kati ya kila 100 walikuwa na nguvu za kutosha kwa tendo la ndoa. Baada ya miezi 6 walibaki 52 kwa waliofuatiliwa, 22 kwa waliopigwa mionzi, na 12 kwa waliopasuliwa. Baada ya miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa karibu 3 kati ya 100, bila tofauti kubwa kati ya makundi. Matokeo hayo hayamhusu mzee ambaye saratani yake iko mifupani. Lakini kwa aliyegunduliwa mapema yana maana nzito: anao muda wa kukaa na mkewe, kuuliza, na kuchagua.

Wakati wapasuaji wakitafuta mishipa, wengine walitafuta namna ya kurudisha kilichopotea. Mwaka 1983, kwenye mkutano wa madaktari wa mkojo mjini Las Vegas, Mwingereza Giles Brindley aliwaonyesha wenzake kwa mwili wake mwenyewe kwamba sindano ya dawa katika uume huusimamisha. Ukumbi ulipigwa na butwaa, ila hoja yake ilithibitika: kusimama kwa uume ni kazi ya damu na mishipa, na tabibu anaweza kuisaidia. Tarehe 27 Machi 1998 Marekani iliidhinisha sildenafil, kidonge kilichoanza kujaribiwa kama dawa ya maumivu ya moyo. Pampu ya kuvuta hewa nayo husaidia, na mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga husaidia kuzuia mkojo.

Kidonge hicho kina mpaka wake, na ni muhimu wanaume waujue. Huongeza damu pale ambapo ishara ya mishipa ya fahamu ipo. Mishipa ikikatwa yote, hakina cha kuongezea. Testosteroni ikizimwa, hakiwezi kuleta hamu. Tena kikichanganywa na dawa za moyo zenye naitreti, shinikizo la damu linaweza kuporomoka na mtu akafa. Hapa ndipo mzee wa Njombe huangukia mikononi mwa wauza dawa za nguvu za kiume, wenye unga usiojulikana umechanganywa na nini. Analipa, hapati kitu, na anaona aibu kurudi kudai.

Aibu hiyo ina historia yake hapa hapa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya wanaume iwe mojawapo ya njia za kupunguza maambukizi ya VVU. Mkoa wa Iringa, ambao hadi mwaka 2012 ulijumuisha Njombe na Makambako, ulikuwa na maambukizi mengi na waliotahiriwa wachache. Katikati ya mwaka 2010 kampeni ya wiki 6 ilitahiri zaidi ya watu 10,000, na huduma ikaendelea miaka iliyofuata. Waliojaa kwenye foleni walikuwa hasa vijana na wavulana. Watu wazima walijizuia, na walipoulizwa na watafiti Iringa na Njombe walitoa sababu iliyo wazi: baba wa familia kupanga foleni moja na watoto wa umri wa wanawe, kwa jambo la sehemu za siri, ni kuvunjiwa heshima. Dawa ya hilo ni kuwapangia watu wazima muda na mahali pao. Hawakuwa wakaidi. Walihitaji stara.

Miaka minne baada ya kampeni hiyo, Novemba 2014, Ikulu ilitangaza kwamba Rais Jakaya Kikwete amefanyiwa upasuaji wa tezi dume katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Ilikuwa hospitali ya Young na ya Walsh. Ugonjwa uliokuwa ukinong'onwa ukasomwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili, nyumba nzima ikisikiliza. Kama kiongozi wa nchi anaweza kutajwa hivyo, mzee wa Makambako naye anaweza kumwambia mwanawe anaumwa nini.

Ukiitazama historia hii yote, utaona hatua zake zilipigwa pale mtu alipolisema lile la aibu. Mgonjwa wa mwaka 1977 angenyamaza, Walsh asingeuliza swali lake Leiden. Wanaume wa Uingereza wasingejibu maswali ya chumbani, tusingekuwa na hesabu za kumwongoza mtu anayechagua leo. Huku kwetu, kusema huko kunaweza kuanza bila mashine na bila fedha. Daktari na amweke mzee kitini pamoja na mama, kabla ya karatasi ya kutia sahihi, aseme kwa Kiswahili chepesi: mzee, operesheni hii itaondoa maumivu, itakuongezea maisha; itazima hamu, na nguvu zitapungua au kwisha; utapata moto na jasho usiku; mifupa inahitaji mazoezi na uangalizi; mambo haya yanatokana na tiba, na yapo tunayoweza kuyapunguza. Kisha awaachie nafasi ya kuuliza. Na wanaume wenye umri wa miaka 50, au 45 kwa aliye na baba au kaka aliyeugua, wazungumze na daktari kuhusu kupimwa, maana nafasi ya kuchagua tiba humkuta aliyewahi.

Mke aliyesikia maneno hayo hatamshuku mumewe kuwa ana mwanamke nje. Mume aliyeyasikia hatamkimbia mkewe kwa visingizio vya uchovu na shamba. Wapo wanandoa waliojua mapema, wakatafuta namna nyingine za kuwa karibu, wakabaki mume na mke kwa maana yote iliyosalia. Mzee akiambiwa ukweli kabla ya kisu, anapoteza kile tu ambacho ugonjwa umekidai; akifichwa, anapoteza na ndoa.